Nyufa za 2016 bado zimo ukutani

Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17. Sisi yanatutia wasiwasi majengo ya zege yaliyobaki wima. Aliyepiga plasta na rangi akarudi ndani ameficha ufa tu, zege halijaungana.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kukukosesha usingizi. Tazama nguzo, hasa inapokutana na boriti: ufa wa mshazari, zege lililomeguka, nondo inayochungulia. Maji yakiingia, nondo hushika kutu, huvimba, hupasua zege zaidi. Nguzo hiyo yaweza kuangushwa na tetemeko dogo kuliko lile. Mwite mhandisi wa halmashauri kabla ya fundi rangi. Tungependa ukaguzi uanzie shuleni. Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa uharibifu.