Kompyuta Inapomkataa Karani

Karani hufika ofisini asubuhi, huwasha kompyuta, huandika jina lake na neno lake la siri, naye hujibiwa kwamba hatambuliki. Huandika tena, safari hii kwa hasira. Baada ya majaribio kadhaa akaunti yake hufungwa, kwa kuwa mitandao mingi imeamriwa kumshuku yeyote anayekosea mfululizo. Sasa yapo matatizo mawili, na la pili limelificha la kwanza. Hukumu hutolewa upesi: ama karani amesahau, ama mashine imekufa. Hukumu zote mbili zimetangulia uchunguzi.

Na ichukuliwe sababu moja isiyofikiriwa na wengi, nayo ni saa. Mwaka 1983 chuo cha Massachusetts Institute of Technology, Marekani, kilianzisha Mradi wa Athena. Humo ulizaliwa utaratibu wa utambulisho uitwao Kerberos, jina la mbwa mwenye vichwa vitatu alindaye lango la kuzimu katika hadithi za Wayunani. Tangu kutolewa kwa Windows 2000, utaratibu huo umeenea katika mitandao ya ofisi. Mlinzi huyu hatazami neno la siri peke yake; hutazama pia saa iliyomo katika ombi, ili mwizi aliyelinasa ombi halali asiweze kulirudia baadaye. Kwa kawaida, saa ya kompyuta na ile ya seva haziruhusiwi kupishana zaidi ya dakika 5.

Kompyuta ya mezani ikichomolewa umeme, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya mviringo yenye volti 3. Betri hiyo ikichoka, tarehe yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Mtu akiirekebisha kwa mkono, aweza kuzidisha kosa: saa 2 asubuhi ya Waswahili ni saa 8 ya kompyuta. Tena, Afrika Mashariki imeitangulia saa ya Greenwich kwa saa 3. Kompyuta iliyoachwa katika majira ya Greenwich, kisha saa yake ikarekebishwa kwa mkono ifuate ya Afrika Mashariki, itaonyesha kiooni saa iliyo sahihi, ilhali seva itaiona imepotoka kwa saa 3 nzima. Neno la siri halina kosa lolote.

Wapo wasemao kwamba hayo ni ya fundi. Lakini hata tabibu hodari humtegemea mgonjwa aelezaye vema maumivu yake. Mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuunakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, kisha akauliza maswali mawili. Je, mwenzake aweza kuingia kwa kompyuta ile ile? Je, yeye mwenyewe aweza kuingia kwa kompyuta nyingine? Majibu hayo husaidia kubainisha kama kasoro iko kwa mtu, kwa mashine au kwa mtandao. Baada ya hapo huchunguza waya, saa na herufi kubwa za kibodi, akibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kama afanyavyo maabara.

Kwa hiyo somo la kompyuta lisiishie katika kukariri majina ya sehemu zake. Mwalimu na aivuruge saa ya mashine moja kwa makusudi, kisha awaachie wanafunzi waitafute kasoro. Atakayezoea kuchunguza kabla ya kuhukumu hatatupa mashine nzima kwa sababu ya betri, wala hatamlaumu karani asiye na hatia.