Musifute kaseti za wazee

Kijana wetu mmoja aliye Bruxelles alitutumia ku telefone konseri moja ya zamani ya Wazungu. Orkestre inaitwa Soft Machine, ya Uingereza. Konseri yenyewe ilipigwa ku Croydon, karibu na London, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1970. Mara ya kwanza tulicheka. Hakuna refrain, hakuna pa kuchezea, kinanda inalia sawa mashine ya kukata chuma. Mama mmoja wa hapa parcelle akauliza kama telefone imeharibika. Lakini tuliisikiliza mara ya pili, na ya tatu, na leo tunaandika, juu iko neno ndani yake inatuhusu sisi watu wa mungodi.

Hawa watu walikuwa wanachanganya rock na jazz. Mwaka ule wa 1970 walitoa diski yao ya tatu: diski mbili pamoja, nyimbo nne tu, kila wimbo unajaza upande mzima. Moja kati ya zile nne, Facelift, haikutengenezwa ku studio. Ilitoka ku konseri, ile ya Croydon na ingine ya Birmingham juma moja nyuma, wakakata mabande, wakayaunga pamoja. Mengine ya usiku ule wa Croydon yakabaki pembeni kwa miaka 30. Mwaka 2000, nyumba moja ndogo ya diski ku Maryland, Marekani, inaitwa Cuneiform, njo ikayatoa ku diski yenye jina Noisette. Kiisha zingine zikafuata: konseri ya Amsterdam ya mwezi wa kumi 1970, na ile ya Rotterdam ya 1973 iliyorekodiwa na mutu tu wa ku salle, amekuja na mashine yake sawa vile sisi tunakujaka na telefone ku ndoa.

Mutu atauliza: wenye muziki walishatoa diski yao, walichagua wenyewe, juu ya nini kufukua mabaki? Sisi tunajibu hivi. Diski ni sawa rapport inayopanda ku bureau: kila kitu safi, kila kitu ku mustari. Mwenye alikuwa chini ule muchana anajua kazi ilienda namna gani. Ku konseri unasikia kazi yenyewe. Kinanda ya Mike Ratledge, aina ya Lowrey, alikuwa ameiunga na chombo cha kukwaruza sauti, na akiinua vidole tu, mashine inaanza kupiga filimbi yenyewe. Basi alijifunza kupiga bila kupumzika, noti juu ya noti. Watu wakasema ni staili. Ilikuwa staili, ndiyo, lakini ilizaliwa na mashine yenye kusumbua. Fundi yeyote wa atelier anaelewa ile.

Lakini hiyo haikutufikisha ku kuandika. Ni mupiga-ngoma wao, Robert Wyatt.

Wyatt alizaliwa 1945. Ku Soft Machine alikuwa anapiga ngoma na kuimba pamoja, mikono na miguu na sauti, kila kimoja na njia yake. Alitoka ku orkestre 1971. Tarehe 1 mwezi wa sita 1973, ku fête moja London, alianguka ku dirisha la juu. Mugongo ukavunjika. Tangu ile siku hajatembea tena, iko ku kiti cha magurudumu. Ngoma za miguu zikaisha palepale, umri wake miaka 28.

Sasa fikirini ninyi wenye kuwa na baba, ao kaka, aliyetoka ku mungodi akibebwa. Tunawajua watu wa namna ile, wanakaa mbele ya nyumba, watoto wanawapita wakienda kuchota maji. Nani anakumbuka namna mikono yao ilikuwa inafanya kazi? Kazi yao ilipanda ku malori ikaenda. Wyatt yeye amebaki na kitu: kila bande inayofukuliwa inaongeza saa moja, saa mbili, za miguu yake ikifanya kazi. Diski zilizotoka siku zile ni chache. Bila yale mabande ya konseri, tungekuwa na kipande kidogo tu cha ule mupiga-ngoma.

Na yeye hakukaa kulia. Aliendelea kuimba, na 1974 alitoa diski moja kubwa, Rock Bottom. Kiisha 1984, wachimba makaa wa Uingereza walipogoma juu serikali ilitaka kufunga mingodi yao, mugomo wa mwaka muzima, Wyatt na wenzake wachache walitoa diski ya kuwachangia falanga, inaitwa The Last Nightingale. Sisi hatukujua. Kumbe kuna muimbaji ku kiti cha magurudumu aliyewaimbia watu wa kazi yetu, na hapa hakuna aliyetuambia.

Kuna habari yake ingine tunayoipenda. Mwezi wa munane 1970, Soft Machine waliitwa kupiga ku Royal Albert Hall, salle kubwa ya London, ndani ya konseri za muziki wa kizungu wa heshima. Hakuna orkestre ya rock ilikuwa imeingia pale ndani ya zile konseri mbele yao. Wyatt amesimulia kama alitoka inje kidogo kupunga hewa, na aliporudi mulinzi wa mulango akamukatalia, akamwambia ndani kunapigwa muziki wa kweli tu. Mwenye konseri anafungiwa mulango! Radio ya BBC iliirekodi ile konseri, na 1988 ikatoka ku diski.

Turudi kwetu. Ku Jadotville, njo Likasi ya leo, mwaka 1952 Mzungu Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco na gitare yake. Tunashukuru aliifanya. Lakini rekodi zake leo zinalindwa Afrika ya Kusini. Mutoto wa Likasi akitaka kusikia barabara za babu yake, lazima aombe mbali. Na orkestre za kampi zilizokuja nyuma, zile zilizokuwa zinapigaka kila samedi ku cercle, ziko wapi? Hakuna Maryland ya kuzitafuta.

Musifikiri tunamulaumu mukubwa fulani. Ku kampi yetu mzee mumoja alikuwa na kaseti 11 za orkestre yetu, chini ya kitanda, ndani ya sanduku la viatu. Alipokufa, ni sisi wenyewe, vijana wakati ule, tulizichukua tukarekodi mechi za mupira juu yake. Kaseti mpya ilikuwa bei. Kumi zilikwisha namna ile.

Wengine watasema tumbo kwanza: mutoto iko na malaria, ninyi munaongea kaseti. Ni kweli, na hatuna jibu ya kushinda ile. Tunasema tu kama kaseti iko tayari ku nyumba, kuilinda hakuombi falanga mingi: sanduku kavu, mbali na jua, na ule mupira wa kufuta muvunje ile meno mbili ndogo za juu ili mutu asirekodi tena. Na kama mwenye kupiga iko angali muzima, mumuulize kwanza mbele ya kuitupa ku telefone za watu wote. Ni jasho yake. Wazee wetu wengi walipiga miaka 20 bila kuona falanga moja ya diski, tusiwaibie mara ya pili.

Ile kaseti ya 11 tulikuwa tunayo. Mechi ilijaza upande mumoja tu. Upande wa pili kuko orkestre, gitare imelegea kidogo, na katikati ya wimbo mutu wa ku salle anapiga kelele akiita jina la mupiga-solo. Ile sauti ni ya baba wa mumoja wetu. Ku nyumba yao hakuna kitu kingine chenye sauti yake.