TUWALILIE WANAJESHI WA ANGA, TUSIUFICHE UKWELI



Katika nyumba nyingi za Uingereza hutunzwa picha ya kijana aliyevaa sare ya Jeshi la Anga. Kati ya vijana wapatao 125,000 waliohudumu katika ndege za kikosi cha Bomber Command wakati wa Vita Kuu ya Pili, 55,573 walikufa. Wote walijitolea, hata hivyo aliyelemewa na hofu akakataa kuruka tena aliweza kutangazwa mwoga. Familia zao zina haki ya kuwalilia.

Lakini wapo wasemao kwamba kuwataja waliouawa na mabomu hayo ni kuwatukana marehemu. Hoja hiyo tunaikataa. Mwezi Julai 1943 mabomu na moto viliua watu zaidi ya 30,000 mjini Hamburg, wengi wao raia. Miji ya kuchomwa ilichaguliwa na wakubwa, si na vijana wale. Basi anayewaficha wafu wa Hamburg hamlindi rubani, bali humlinda aliyetoa amri.

Wala tusiambiwe kwamba zama zile hakuna aliyeona kosa. Februari 1944 Askofu George Bell wa Chichester alilipinga jambo hilo waziwazi mbele ya Baraza la Malodi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani uteketezaji wa miji mizima pamoja na wakazi wake.

Mnara uliozinduliwa London mwaka 2012 unawakumbuka wanajeshi hao, na pia watu wa mataifa yote waliouawa kwa mabomu. Nasi tunapowasimulia watoto habari za babu zetu waliopigana, popote pale, tuwataje na waliopigwa. Amani isiyo na ukweli haidumu.