Raba Unazo, Saa Je?

Mwezi huu tuzungumzie kutembea kwa miguu ili kupunguza mwili, zoezi lisilo na ada wala mashine. Usifunue ukurasa wa pili ukadhani hadithi hii unaijua. Juu juu ni mada ya afya, lakini ukiichimba ni mada ya ndoa.

Toka nje pale Arusha saa 12 na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika Mlima Meru. Kwenye ile barabara ya kupanda kutoka Sanawari kwenda Ilboru, au kule Njiro, utakutana na vijana wa jogingi wanaimba na kupiga makofi, na baba mtu mzima na bukta yake anahema. Sasa watafute akina mama. Wapo, lakini wengi wao saa hiyo wanakoroga uji, wanatafuta soksi za mtoto na kupiga pasi shati la baba.

Saa hiyo hiyo wapo wanawake wengine wanaoteremka kutoka vijiji vya mlimani, ndizi kichwani, kuwahi soko la Tengeru. Hao hawahitaji ushauri wangu. Kutembea kwao ni kazi, na wakishauza wanapanda tena mlima. Sisi wa mjini ndio tuliobadilisha miguu kwa vifodi na bodaboda, ila chakula cha mlimani hatukukibadilisha. Loshoro ni ile ile, mtori ule ule, ndizi nyama sinia zima, halafu tunashushia na soda. Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ulipofanyika ule wa 2004–05 walikuwa asilimia 18.

Haya, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Gawa mwenyewe: nusu saa, siku tano. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila kona zilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ukizifikisha hongera, usipozifikisha usilie. Kipimo rahisi ni mdomo wako. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuongea, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakata.

Sasa ukweli ambao wauza dawa za kupunguza tumbo hawatakuambia. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, anachoma takribani kalori 120. Soda moja ya mililita 350 ina karibu 150. Umeelewa hapo? Umetoka jasho mpaka Kijenge na kurudi, soda moja imefuta kila kitu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi, miguu peke yake bila kugusa sahani itakuchukua miezi mitatu kuiondoa. Ila kabla mkanda haujalegea, mengine yanakuwa yameshaanza: presha inasaidika, sukari inatulia, usingizi unakuwa mtamu. Mizani ni ya mwisho kujua.

Kwa hiyo mwenye nia ya kupungua anahitaji vitu viwili, saa yake na sahani yake. Na hivyo vyote viwili, ukiwa mke wa mtu na mama wa watoto, haviko mikononi mwako peke yako. Hapo ndipo raba mpya zinapoishia chini ya kitanda.

Kwanza ni maswali. "Alfajiri yote hii unakwenda wapi? Unataka kumpendezea nani?" Mwanamke aliyeulizwa hivyo mara tatu, ya nne halali na raba pembeni. Halafu wanakuja majirani. Umepungua kilo tatu tu, mtu anakushika mkono kwa huruma: "Shoga, mbona umekonda, unaumwa?" Mama mkwe naye anauliza kama nyumbani kuna shida. Maneno haya tumeyarithi kutoka miaka ile ambayo kukonda kulimaanisha UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004. Hofu ile haijaisha vichwani, na ina uwezo wa kumrudisha mtu kwenye sinia. Mwenye mume anayesema mbele za watu "anafanya mazoezi, na mimi namuunga mkono" ana kinga kubwa kuliko raba za bei mbaya.

Kwa hiyo dada, usiende kuomba ruhusa kama mtoto wa shule. Kaa na mwenzio usiku, TV ikiwa imezimwa, mwambie siku na saa: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 na nusu hadi saa moja na robo, uji wa watoto ni wako. Taja na njia utakayopita, wasiwasi upungue. Na wewe kaka, uji hauhitaji shahada. Zile dakika 45 zinaweza kumwongezea mkeo miaka ya kuwa na wewe, na zinakugharimu sufuria na mwiko.

Tena bora utoke naye. Hicho kitambi tunachokisifia kuwa ni dalili ya pesa, hospitali wanakiita kwa majina mengine. Na kumbuka kile kipimo cha mdomo: mwendo sahihi ni wa kuongea. Ni wanandoa wangapi mnaopata nusu saa bila simu, bila watoto, bila taarifa ya habari? Mambo ya ada, ya shamba, hata ya kununiana, hutoka vizuri zaidi mkiwa mnatazama mbele wote, pasipo kukodoleana macho mezani.

Mambo ya kuzingatia ni machache. Subiri kupambazuke, na kama mwenzio hatoki, tafuta shoga wa mtaani muwe wawili. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, pita upande wa kulia ili magari yaje ukiyaona. Wakati wa masika utelezi wa Ilboru hauna adabu, tafuta lami. Kama goti linalalamika, anza na njia tambarare, maana kuteremka ndiko kunakoliumiza zaidi. Mwenye presha, kisukari au ujauzito, muone daktari kwanza. Na sahani ile ile, punguza ugali, ongeza mboga, soda iwe ya sikukuu.

Wikiendi ikifika, nendeni Ziwa Duluti pale Tengeru mkalizunguke chini ya miti, mkiwa na hela ya kiingilio. Mkishazoea, jiwekeeni lengo. Meru ina mita 4,566, lakini hakuna aliyewalazimisha kufika kileleni. Safari ya siku ya kwanza, kutoka geti la Momella hadi vibanda vya Miriakamba, mkiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, inatosha kuwapa hadithi ya mwaka mzima.

Mwezi huu basi, kabla hujaingia dukani kutafuta raba, ingia kwanza sebuleni ukaitafute saa. Ukiipata, raba hata za mtumba pale Kilombero zitakufikisha. Tukutane mwezi ujao, ukiwa mwepesi kidogo!