Kununua Chombo Kikuukuu ni Siku Moja, Kukifikisha Nyumbani ni Kazi

Wahenga wetu wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ilitungwa na watu walioijua bahari, lakini maana yake yaenea hata kwenye maziwa ya bara. Katika makala haya twakusudia kuipima kwa jambo moja ambalo huwavutia watu kila kizazi, wakiwamo wenzetu wanaokaribia kustaafu: kununua chombo cha matanga cha zamani, kwa fedha za kiinua mgongo au kwa mchango wa wengi, na kukipeleka nyumbani. Je, hiyo ni busara au ni ndoto? Na mlinzi wa mpaka wa majini jambo hilo lamhusu kwa kiasi gani?

Tumeichagua Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, iwe kipimo chetu. Mji huo uko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wapita ndani ya maji yake. Mto Luapula huingia kusini. Mto Luvua hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, na kwenda kukutana na Lualaba. Mtu akitazama ramani aweza kudhani kwamba nahodha hodari angetoka baharini na kupanda mito hiyo hadi Nchelenge. Haiwezekani. Maporomoko ya Mambilima yameziba njia ya kusini, na maporomoko ya Luvua yameziba ya kaskazini. Kwa hiyo chombo chochote kinachoelea Mweru ama kimeundwa papo hapo, ama kimeletwa kwa nchi kavu. Anayenunua mashua ya tanga mahali pengine kwa nia ya kuifikisha Nchelenge hana budi kujua kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo haitakuwa ya majini.

Gharama ya safari ya namna hiyo imekwisha kuonekana. Mwezi Juni 1915, Jeshi la Majini la Uingereza lilipakia mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, ili zipelekwe Ziwa Tanganyika kupambana na meli za Wajerumani. Zilishushwa Cape Town, zikapanda gari la moshi hadi Katanga, nchi ileile iliyopakana na Mweru upande wa magharibi. Kutoka Fungurume reli ilikuwa imekwisha. Mashua zikakokotwa na mitambo ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, huku madaraja yakijengwa na njia ikifyekwa kwa nguvu za mamia ya Waafrika ambao majina yao vitabu havikuyataja. Zilifika ziwani mwezi Oktoba, zikateremshwa majini mwezi Desemba, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Mapigano ya siku ile yalikwisha kwa dakika chache. Matayarisho yalichukua nusu mwaka.

Barabara za leo ni bora kuliko za mwaka 1915, na lori laweza kufanya kwa siku chache kazi iliyowatoa jasho watu wale kwa miezi. Lakini tabia ya mbao haikubadilika. Chombo cha mbao kikikaa juani, mbao husinyaa na nyufa hufunguka. Kilichokuwa kikielea vizuri kwa muuzaji chaweza kujaa maji siku ya kwanza kwa mnunuzi. Yafaa basi kabla ya kutoa fedha mtu asiitazame rangi. Rangi mpya hufunika mengi. Na auchunguze mkuku, ayagonge mataruma moja moja, aipime misumari kama haijaliwa na kutu, na ashuke ngamani, mahali ambapo maji machafu hukaa na uozo huanza. Chombo kikifika, kikalafatiwe upya, kilowekwe majini karibu na ufuko hadi mbao zivimbe na kushikana, ndipo kipandishwe tanga. Mwenye haraka ya kuanza safari siku ileile huwa ameyaweka rehani maisha ya abiria wake.

Utunzaji nao una ushahidi wake karibu na hapo. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliungwa tena. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, walipolazimika kurudi nyuma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi kwa uangalifu. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi iliwabeba watu wa Kigoma hadi Mpulungu ya Zambia. Askari na azingatie jambo hili: mafundi wale walikuwa wakishindwa vita, wala hawakuwa na hakika ya kurudi, na bado walikitunza kifaa walichokabidhiwa.

Wako pia waliokirudisha chombo kwa sababu ya heshima. Bandari ya Sur, nchini Oman, ilikuwa ikipeleka majahazi Zanzibar kwa kaskazi na kuyapokea kwa kusi. Injini zilipoenea, majahazi makubwa yakauzwa au yakaozea ufukoni. Jahazi moja la aina ya ghanjah, Fatah al-Khair, lililoundwa Sur na baadaye kuuzwa, lilionekana Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichanga fedha, wakalinunua na kulirejesha kwao, na limehifadhiwa mjini humo. Mtu mmoja angelinunua angeshindwa na gharama za matengenezo. Mji ulilinunua, na mji ukalitunza.

Turudi sasa Mweru, maana hapo ndipo methali yetu inapouma. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa. Mashua ya tanga itokayo Nchelenge kwenda kisiwa cha Kilwa huusukumiza upepo mgongoni. Kwenda ni rahisi. Kurudi ni kupambana na upepo huohuo, kwa kubisha huku na huku, na jioni yaweza kumkuta mtu katikati ya maji. Aliyejifunza kwenda tu hakujifunza usafiri.

Kwa walinzi kuna mambo mawili zaidi. Kwanza, tanga halina mlio. Uvuvi nchini Zambia hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na doria inayosikiliza injini peke yake haitaisikia mashua ya tanga usiku. Pili, si kila chombo kivukacho mpaka ni cha mhalifu. Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo walikimbia mapigano wakaingia Nchelenge, wakapokewa Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Askari aliye ufukoni hana budi kujua kukagua hati ya chombo, na pia kujua kunyoosha mkono amtoe mama na mtoto majini.

Sisi twaona, basi, kwamba kununua chombo cha zamani si ndoto, mradi hesabu ifanywe mapema. Fedha za kununulia zisizidi theluthi moja ya akiba. Zilizobaki ni za kusafirishia na kutengenezea. Hati ya mauzo iandikwe na chombo kiandikishwe kabla ya kugusa maji. Maboya ya kujiokolea yawe sawa na idadi ya watu. Na afadhali wanunuzi wawe wengi wenye nia moja kuliko mmoja mwenye shauku. Atakayeanzia ngamani siku ya kununua hatafedheheka ngamani siku ya marejeo.