MGENI WA MZAZI: AMEKUJA KULIPA AU AMEKUJA KULIPWA?



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu ambao bado hamjaoa wala kuolewa lakini mna dada na mashemeji wanaozaa, leo tunataka kuzungumza jambo ambalo kila mtu analijua na ni wachache wanaothubutu kulisema. Nalo ni ugeni katika nyumba yenye mtoto mchanga, tangu siku anapoletwa kutoka hospitali mpaka mama yake anapotoka arobaini.

Hatuandiki haya kwa kusikia. Alipozaliwa mtoto wetu wa nne, hapa hapa Buyenzi, wageni walianza kufika kabla hata fuko la nguo za mzazi halijafunguliwa. Siku ya tatu tulijaribu kuwahesabu, tukafika thelathini na wawili tukaacha. Wote watu wema, wote wanatuombea baraka. Siku ya sita tuliporudi kutoka kuswali Isha tulimkuta mama watoto jikoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine unageuza wali kwa ajili ya wageni waliotoka Rumonge. Mtoto analia chumbani mikononi mwa mtu ambaye hata jina lake hatukuwa na hakika nalo. Nasi tulifanya nini? Tulitoa salamu, tukakaa na wageni, tukazungumza habari za bei ya mchele, wali ulipokuja tukala. Wallahi hatukuona kosa lolote usiku ule.

Siku ya kumi na moja mtoto alikataa ziwa. Mchana alikuwa analala tu, jioni tukaona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Tulipofika hospitali daktari hakuuliza mambo mengi. Aliuliza: "Nyumbani nani anakohoa?" Tulitazamana na mama watoto. Kulikuwa na mtu mmoja, mzee tunayemheshimu, alikohoa tangu alipoingia mpaka alipotoka, na alimbusu mtoto mdomoni. Sote chumbani tulimwona. Hakuna aliyefungua kinywa. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba ni yeye, wageni walikuwa wengi, na hatumlaumu. Mlango ulikuwa wetu na ulinzi wa mlango ulikuwa juu yetu. Mtoto alilazwa siku tisa, alhamdulillah akapona. Lakini siku zile tisa, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje, zilitufundisha jambo ambalo miaka yote ya kusomesha fiqhi haikutufundisha, maana tulikuwa tunasomesha aya za adabu za kuingia majumbani bila kuzileta kwenye mlango wetu.

Hebu tuanze na neno. Hapa Burundi, Mwislamu na asiye Mwislamu, sote tunajua ziara ya kwenda kumwona mzazi, na kwa Kirundi huitwa guhemba. Neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa kumlipa mtu ujira wake. Angalieni hekima iliyomo! Mwanamke amefanya kazi ya miezi tisa na kazi ya usiku mmoja mzito kuliko miezi yote tisa, na jamaa wanakuja kumlipa: uji, maziwa, nyama, kitenge, kuni. Anayelipwa ni mzazi. Sasa tumegeuza. Mgeni anakuja na sabuni moja, anakaa saa nne, anakunywa fanta mbili, anakula, na mzazi ndiye anayetandika, anayepika na anayetabasamu. Nani kamlipa nani? Baba mwenye nyumba naye anakopa dukani ili wageni wasiseme, na deni la fanta linabaki hata baada ya mtoto kuanza kutambaa.

Wapo watakaosema kwamba kumkirimu mgeni ni katika imani. Ni kweli, na hadithi za Mtume (s.a.w.) juu ya hilo ni mashuhuri. Lakini dini hii iliyotuamrisha kukirimu ndiyo iliyomfundisha mgeni pia. Katika Suratun-Nuur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba za wengine mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na aya inayofuata, ambayo wengi wetu tunaipita haraka, inasema kwamba tukiambiwa turudi basi turudi, na kwamba kurudi huko ni usafi zaidi kwetu. Ndugu zetu, ni nani kati yetu akiambiwa mlangoni "mama amelala, rudi kesho" anayerudi akiona ametakasika? Tunarudi tumenuna, na kufikia Ijumaa mtaa mzima unajua. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) aliomba ruhusa kwa Umar (r.a.) mara tatu, hakujibiwa, akaondoka zake, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na Mtume (s.a.w.). Hakuchungulia dirishani wala hakugonga mara ya nne.

Kisha ipo aya ya 53 ya Suratul-Ahzaab. Anas (r.a.) ameeleza kwamba iliteremka katika karamu ya ndoa ya Mtume (s.a.w.) na Bi Zaynab bint Jahsh, baada ya watu kumaliza kula na baadhi yao kubaki wakizungumza. Mtume (s.a.w.) alitoka akarudi, akawakuta bado wamekaa. Aya inaeleza kwamba jambo hilo lilikuwa likimuudhi naye anawaonea haya. Tafakarini hapo. Ikiwa mbora wa viumbe aliona haya kuwaambia wageni waondoke, mpaka Mola wake akasema kwa niaba yake, mtamtaka binti wa miaka ishirini, amejifungua juzi kwa kupasuliwa, awaambie mama wakwe na mashangazi wa mume "nendeni nimechoka"? Hatasema. Atakaa mshono ukimuuma. Kwa hiyo ni lazima wengine wasemewe, na wa kusema ni mume.

Hapa tuseme na sisi wanaume, maana wengi tunaona arobaini ni mambo ya wanawake. Suratul-Baqarah, aya ya 233, inapotaja kunyonyesha, inamwekea baba chakula na mavazi ya mama, na inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Mama Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi baba anayeosha vyombo wiki ya kwanza hajapungukiwa na kitu. Na baba anayesimama mlangoni akamwambia mjomba wake kwa upole "Mzee wangu, leo tusameheane, mtoto humshiki kwa kuwa una mafua" hajakata udugu. Mtume (s.a.w.) amekataza wenye wanyama wagonjwa kuwapeleka kwa wenye wazima. Ikiwa ni hivyo kwa ngamia, mtoto wa siku sita je?

Tuje kwenye mikono na midomo. Mtoto mchanga hana kinga kama yetu. Kikohozi kinachotusumbua sisi wakubwa wiki moja kinaweza kumlaza, na vidonda vya mdomoni vya homa, ambavyo mtu mzima huvipaka mafuta akasahau, vikimfikia mchanga kwa kubusiwa vinaweza kumuua. Osheni mikono kwa sabuni, na busu lisubiri. Ubani na udi tunavipenda, lakini chetezo kisiwe chumba kimoja na mtoto. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, eti mzazi apate joto, limekwisha ua watu wazima waliolala, seuze kichanga. Kitovu kiachwe kikauke, kisipakwe majivu wala samli. Kila bibi anayekuja ana dawa yake ya kitovu, na wote wanasema watoto wao walipona. Waliokufa hawahesabiwi katika hadithi hizo.

Kuhusu tahniki, tusieleweke vibaya, sisi si wenye kupinga sunna. Bi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alimzaa Abdullah bin Zubayr huko Qubaa baada ya Hijra, akamleta kwa Mtume (s.a.w.), naye akatafuna tende akampaka mtoto kinywani. Wanavyuoni wana maneno yao kama baraka ya mate ilikuwa ni yake yeye peke yake, na hapa si mahali pa kuyafungua. Tunachosema ni kwamba tahniki haikufanywa na kila mgeni aliyepita. Anayetaka kuitenda, baba au mama mwenye afya na mkono safi alainishe kiasi kidogo sana cha tende, apake kwa kidole, basi. Na asiweke asali. Asali ni shifaa kwetu, lakini wataalamu wa afya wanaikataza kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli katika tumbo lake changa. Vivyo hivyo maji ya sukari na maji ya miti shamba anayonyweshwa mama akiwa kaoga. Maziwa ya mama yanamtosha miezi sita.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hulileta, nalo linatukera sisi walimu kuliko yote. Mzazi damu yake imekatika siku ya ishirini na tano, shangazi anamwambia "tulia, bado arobaini." Hapana! Siku arobaini ndizo za kawaida kwa wanawake wengi, na katika madhehebu yetu ya Shaafi'i mwisho kabisa ni sitini, lakini uchache wake hauna mpaka. Damu ikikatika, anaoga na anaswali. Asiyeweza maji kwa sababu ya mshono anatayammamu. Arobaini ya kupumzika ni nzuri, aiendeleze hata ikiwa hamsini, lakini arobaini ya kalenda haiondoi swala. Wanafunzi wetu wa kike, hili tumelisoma darasani, msione haya kuwaambia shangazi zenu. Na damu ikizidi kinyume cha siku za mwanzo, au mzazi akapata homa, hiyo si ya kusubiri arobaini wala sitini, ni ya hospitali. Mwaka 2006 hapa Burundi malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yaliondolewa katika vituo vya umma, kwa hiyo mtoto aliyekataa kunyonya, mwenye homa, anayehema mbio au aliyegeuka manjano asikalishwe nyumbani akipulizwa na wageni.

Na wale wanaoingia, wakauliza "ni nini?", wakiambiwa ni msichana wanasema "haya, Mungu atawapa mwingine", basi warudi kuisoma Suratun-Nahl, aya ya 58 na 59, waone ni tabia za watu gani.

Alipozaliwa wa tano tulifanya tofauti. Tulikubaliana na wazee mapema, kabla ya mimba kufika miezi minane. Wiki mbili za mwanzo walioingia chumbani ni mama zetu wawili tu, kwa zamu, na zamu ile ilituepusha na mashindano yao ya nani anamkanda mzazi. Wengine walipokewa uani baina ya Alasiri na Magharibi, na hakukupikwa kitu cha wageni zaidi ya chai. Akika tuliifanya siku ya saba kwa mbuzi mmoja, kwa kuwa ni msichana, nyama ikatoka kwenda kwa majirani na jamaa badala ya wao kujaa nyumbani. Kwa mwaka ule mbuzi huyo tulimmudu. Tusingemmudu tusingemkopea, maana akika ni sunna kwa mwenye uwezo, na si deni la kuwaziba watu midomo.

Hatutawaficha kwamba iligharimu. Mmoja wa wajomba zetu alisema tumekuwa Wazungu, na kwenye akika hakuja. Sikukuu ya Idi tulimfuata kwake na mtoto mgongoni, akampokea, akampa jina la utani, lakini mpaka leo akitusalimia kuna kitu kinakwama. Tumekubali.

Upande wa pili alikuwapo bibi mmoja jirani, ua kwa ua, mjane. Siku ya pili alikuja mlangoni na sufuria ya mchuzi wa mukeke uliotiwa pilipili manga, akauliza mambo mawili: mzazi amekula, na nguo chafu ziko wapi. Tukaona haya kumpa. Akazichukua mwenyewe kwenye beseni, akazifua, akazianika, akaenda zake bila kuomba kumwona mtoto. Alirudi hivyo karibu kila siku. Mtoto alimshika kwa mara ya kwanza siku ya arobaini, na ni sisi tuliomwita.