Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: jengo la dharura tunalo, damu hatuna

Mheshimiwa Waziri,

Hospitali nyingi za halmashauri sasa zina jengo la idara ya dharura. Baadhi yalijengwa kwa fedha za UVIKO-19, ile trilioni 1.3, na sisi tunaoshinda humo tunashukuru bila unafiki. Nakuandikia kuhusu kitu kimoja ambacho jengo halikuja nacho, nacho ni damu.

Mgonjwa ninayemzungumzia kila tabibu wa Kanda ya Ziwa anamjua. Ni mtoto wa miaka miwili, kilo 10, malaria imemkaa siku kadhaa kabla ya kufikishwa kwetu. Wekundu wa damu ni gramu 3 kwa desilita, wakati alipaswa kuwa na 11 au zaidi. Viganja vimekuwa vyeupe kama unga wa muhogo, pua zinatanuka kwa kutafuta hewa, moyo unakwenda mbio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna kigugumizi: akiwa chini ya gramu 4, aongezewe damu, akiwa kati ya 4 na 6, aongezewe iwapo anapumua kwa shida au fahamu zinampotea. Huyu wetu anahitaji kiasi cha mililita 200 hivi, na anazihitaji sasa.

Badala yake tunamwambia mama akatafute ndugu wa kuchangia. Mama amekuja kwa bodaboda, baba yuko kambi ya uvuvi, na shemeji aliyepatikana anaogopa majibu ya vipimo. Hata akikubali, damu yake ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisha kundi, kisha ioanishwe na ya mtoto. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulijengwa juu ya wachangiaji wa hiari ili tuachane na haya. Wodini bado tumo humohumo.

Saa zinavyokwenda, mkono wa daktari unavutwa na dripu ya chumvi, maana kusimama tu kunatesa. Lakini utafiti wa FEAST uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu Muheza kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulitushtua wote. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: takriban 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Maji ya dripu hayabebi oksijeni.

Huenda mshauri wako akakuletea utafiti mwingine, TRACT wa mwaka 2019 kutoka Uganda na Malawi, ulioonyesha kwamba mtoto mwenye gramu 4 hadi 6 asiye na dalili za hatari anaweza kusubiri chini ya uangalizi. Ni kweli, na tunaufuata. Ila karibu nusu ya waliosubirishwa waliishia kuongezewa damu. Waliweza kusubiri kwa sababu damu ilikuwapo.

Halafu kuna uharibifu ambao hauhitaji mfadhili kuuondoa. Mfuko wa kawaida una mililita 450 hivi. Mtoto anatumia 200, na kinachobaki kinamwagwa, kwa kuwa damu ikishatundikwa haipaswi kupita saa 4. Tuleteeni mifuko midogo iliyounganishwa, mchangiaji mmoja ahudumie watoto wawili.

Na kalenda, Mheshimiwa! Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule hufungwa Juni, majuma yaleyale ambayo malaria ya baada ya masika imejaza wodi. Damu nyekundu huhifadhiwa siku 35, au 42 ikiwekewa viambato vya kuirefushia maisha, kwa hiyo akiba ya Machi haiwezi kutuvusha. Magari ya Damu Salama yaende misikitini, makanisani, minadani na kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Mei, shule zisiwe tegemeo la pekee. Nijuavyo, ugumu mwingine ni wa kiofisi: Damu Salama iko chini yako, hospitali za halmashauri ziko TAMISEMI, na jokofu tupu halina mwenyewe.

Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, utapanda jukwaani. Naomba usitusomee jumla ya chupa zilizokusanywa kitaifa. Tusomee, halmashauri kwa halmashauri, ni siku ngapi jokofu lilikosa hata mfuko mmoja wa kundi O. Madaftari ya maabara zetu yanayo majibu. Agiza tu yaletwe.

Wako katika kazi,
Tabibu wa zamu, idara ya dharura, Kanda ya Ziwa